Robo Saa Nyuma ya Chumba cha Kufulia

Jumamosi ile alasiri chumba cha kompyuta cha chuo chetu cha jioni kilikuwa na watu wawili tu, mimi na Fundi, na feni ya darini iliyozunguka taratibu kama mtu anayewaza. Nje barabara ilikuwa imetulia. Mwanga wa dirishani ulikuwa na rangi ya asali. Uliangukia meza, ukaangukia na mikono ya Fundi, yenye alama nyeusi za grisi zisizotoka kwa sabuni yoyote. Na mimi sabuni nazijua.

"Soma tena," aliniambia. "Toka mwanzo, pole pole."

Nikasoma. Ilikuwa ikisiri yetu. Ndivyo Mwalimu alivyotufundisha kuyaita maelezo mafupi ya utafiti, yasiyozidi maneno mia mbili na hamsini, ambayo unawatumia waandaaji wa mkutano wa ikolojia. Wakiyapenda, wanakupa nafasi ukutani ubandike bango lako, na wewe unasimama pembeni yake kuwaeleza wapitao ulichokiona. Mlango wa kupokea ikisiri ungefungwa jioni ile, saa kumi na mbili.

Utafiti wetu ulikuwa wa kichaka kimoja. Mimi ni mfuaji wa hospitali, na nyuma ya chumba cha kufulia, pale bomba linapomwaga maji yaliyokwisha suuza mashuka, kimeota kichaka ambacho hakijui kiangazi. Miti yote ya mji ikikauka, chenyewe kinachanua maua madogo ya njano. Nyuki wanatoka kusikojulikana kukifuata. Miaka yote nilikuwa nikiwaona bila kuwafikiria. Siku Mwalimu wa baiolojia alipotuambia kila mwanafunzi atafute kiumbe wa kumchunguza, ndipo nilipowakumbuka. Darasa zima lilicheka niliposema nitakaa kando ya bomba la maji machafu nihesabu nyuki. Aliyenyanyua mkono kusema atanisaidia ni mmoja, fundi wa lifti wa hospitali ile ile, mtu mkimya aliyekaa kiti cha nyuma. Nilikuwa nimepishana naye korido hizo hizo miaka mingi tukisalimiana kwa kichwa tu.

Basi tukagawana kazi. Mimi nilihesabu asubuhi kabla ya zamu yangu, yeye akahesabu baada yangu. Kati ya zamu hizo mbili tulikaa pamoja robo saa, tukitazama tawi moja tulilolifunga uzi mwekundu, kila mmoja akihesabu kivyake nyuki wanaotua. Hilo lilikuwa agizo la Mwalimu. Alisema macho ya watu wawili ni kama mizani mbili za sokoni, na usipozipima moja kwa nyingine huwezi kujua ipi inapunja.

Nilifika kwenye sentensi niliyoipenda kuliko zote, nikaisoma kwa sauti ya mtu anayefungua zawadi. "Katika robo saa ya pamoja waangalizi wawili walihesabu kila mmoja kivyake, na hesabu zao zililingana kabisa."

Mwalimu mwenyewe alikuwa ameiwekea alama ya vema, akisema huo ndio uti wa mgongo wa ikisiri. Alishangaa kidogo, maana kwa kawaida huwa kuna tofauti ya hapa na pale, kisha akatupongeza.

Fundi aliitazama kompyuta, akatazama dirisha, akanitazama mimi. Macho yake yalikuwa na kitu nilichokwisha kukiona mara kadhaa pale kichakani, na kila mara nilijiambia ni jua linamuumiza.

"Dada," akasema, "sentensi hiyo tuitoe."

"Kwa nini?"

"Si kweli."

Nilidhani anatania. Fundi ana utani wa chini chini ambao unauelewa ukishafika nyumbani. Nikamwambia kama ana wivu na sentensi yangu aandike yake. Hakucheka. Aliuvuta mkono wake kutoka mezani akauweka magotini, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Mimi sikuhesabu," alisema. "Zamu yangu nikiwa peke yangu nilihesabu, Mungu ni shahidi. Lakini ile robo saa yetu sikuhesabu hata siku moja."

"Mbona namba zako zilikuwa sawa na zangu?"

"Kwa sababu wewe unahesabu kwa sauti."

Chumba cha kufulia kina mashine zinazonguruma kutwa nzima, na sisi tunaokunja mashuka mle ndani tumezoea kuhesabu kwa mdomo, kila mtu na mnong'ono wake, la sivyo hesabu inapotea. Ni mazoea ya miaka, na mtu hajisikii. Pale kichakani, kumbe, kila nyuki alipotua midomo yangu ilimtaja. Moja. Mbili. Tatu. Na mimi nikijua nimenyamaza kimya.

"Siku ya kwanza nilijaribu," aliendelea. "Nikajikuta nasikiliza. Siku ya pili nikafumba macho kabisa. Robo saa ikiisha naandika namba uliyoishia. Sikukusudia kudanganya. Nilikuwa nasikia raha tu. Sijui niseme vipi. Sauti yako ikihesabu..." Akaacha hapo.

Feni ilizunguka. Ningependa kusema moyo wangu uliruka kwa furaha, maana maneno kama hayo nilikuwa sijaambiwa tangu ujana wangu, na ujana wangu niliupitisha nikilea wadogo zangu. Lakini kilichokuja kwanza kilikuwa hasira.

Lazima nieleze. Mama alikuwa amechoka na masomo yangu. Hakuwa na ubaya. Aliniona nikitoka kazini miguu imevimba, nikiingia darasani na watoto wa kuzaa mwenyewe, nikirudi nimebeba vitabu, na hakuona mwisho wake. Kaka yangu wa mji wa mbali alitaka niende nikakae kwake, nimsimamie nyumba na duka, nipumzike. Mama alisema muhula huu ukiisha bila jambo la kuonekana kwa macho, nitafunga virago. Nilikubali, kwa kuwa ni mama yangu na kwa kuwa nilikuwa nimeshaomba Mungu anifungulie mlango. Bango ndilo lilikuwa mlango. Mwalimu alisema likikubaliwa, chuo kitanipokea ngazi ya juu bila maswali. Fundi aliyajua yote haya. Nilimweleza mwenyewe, kando ya kichaka kile kile.

Kwa hiyo nilimuuliza kwa nini ameamua kusema leo, wakati jua linashuka na mlango unafungwa. Nikamuuliza alikuwa wapi wiki zote zile. Nikamwambia na mengine ambayo sitayarudia hapa, na yeye akayapokea yote bila kuinua kichwa.

Nilipoishiwa maneno, akajibu.

"Nilipanga ninyamaze. Nikasema itume tu, iende, abaki hapa. Lakini nikipiga magoti kusali, nafika mahali pa kukutaja wewe, nakwama. Nitamshukuruje Mungu kwa kukubakiza hapa kwa kitu nilichokiiba?"

"Ukisema kweli naondoka," nikasema. "Hilo unalijua."

"Nalijua. Silali kwa hilo."

Aliposema hivyo hakuniita dada. Nililigundua pengo lile kama unavyogundua kifungo kimekosekana kwenye gauni ulilolizoea. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sasa ilikuwa haina pa kukaa. Nilifumba macho, nikaomba kwa maneno machache sana, kwa sababu sikuwa na mengi. Nilimwambia Mungu kwamba sentensi ile niliipenda mno. Halafu nikashika kipanya, nikaifuta.

Kwenye kioo palibaki mahali peupe katikati ya maelezo yetu, na ikisiri ikawa kama mtu aliyeng'oka meno ya mbele.

"Nyuki wanaruka mpaka saa ngapi?" nilimuuliza.

Fundi alinyanyua kichwa. Alikuwa amekwisha elewa.

Hospitali iko ng'ambo ya barabara. Tulivuka tukitembea kwa haraka, na njiani nilikuwa na woga wa aina mbili. Woga wa kwanza ulikuwa nyuki wamekwisha kulala. Wa pili sikuutaja hata kwa Mungu.

Mama alikuwa kwenye benchi lake nyuma ya chumba cha kufulia. Kila Jumamosi alikuja kuningoja hapo turudi pamoja nyumbani. Alifanya kazi mle miaka mingi kabla yangu, na ingawa amestaafu, pua yake haijastaafu. Alisema harufu ya mashuka yaliyopigwa pasi inamtuliza kuliko dawa.

"Shikamoo, Mama," Fundi alisema.

"Marahaba, mtu wa kupanda na kushuka."

Hilo ndilo jina alilompa. Mara ya kwanza nilipomtaja Fundi nyumbani, Mama aliuliza kazi yake, nikamjibu, akatikisa kichwa. Alisema mtu ambaye riziki yake ni kupanda na kushuka kutwa nzima, huyo akili yake haiwezi kutulia mahali pamoja, na hasa akiwa ni mdogo kwako kwa miaka. Nilimwambia hakuna lolote kati yetu zaidi ya nyuki. Akasema nyuki nao hawatulii.

Nilimweleza Mama kwa kifupi kwamba hesabu zetu zina kasoro na tunataka kuhesabu upya, mara moja tu, vizuri. Sikusema kasoro yenyewe imetoka wapi. Fundi alisema.

"Kosa ni langu, Mama. Badala ya kutazama nyuki nilikuwa namsikiliza binti yako."

Nilitamani bomba lile linimeze. Mama alimtazama Fundi kuanzia viatu mpaka kichwani, akarudi tena mpaka viatuni. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, kama tunahitaji msimamizi.

Yeye ndiye aliyetupanga. Alichukua shuka moja jeupe kutoka kwenye kapu, akaniambia nilitundike kwenye kamba inayokwenda moja kwa moja mpaka kichakani. Akatuweka pande mbili za shuka, Fundi kushoto, mimi kulia, wote tukilielekea tawi la uzi mwekundu lililochomoza mbele ya shuka. Kila mmoja aliliona tawi, hakumwona mwenziwe. Mimi nilijaza mfuko mmoja wa aproni vibanio vya nguo. Kila nyuki akitua ningehamisha kibanio kimoja kwenda mfuko wa pili, mdomo ukiwa umefungwa. Fundi alitoa kwenye sanduku lake konzi ya nati, akazimimina kwenye kofia, awe anadondosha moja sandukuni kila nyuki akitua. Mama aliketi nyuma yetu, saa yangu ikiwa kiganjani mwake.

"Midomo," aliniambia. "Haya, anzeni."

Sijawahi kukaa robo saa kama ile. Jua lilikuwa upande wangu, limelala chini, linapita katikati ya maua mpaka kila ua likawa taa ndogo. Shuka lilivimba kidogo kwa upepo, likarudi, likavimba tena, kama kitu kinachopumua katika usingizi. Mvuke wa mashine ulitoka dirishani ukapita juu yetu. Nyuki walikuwepo. Walikuja mmoja mmoja, wazito kwa uchovu wa siku nzima, wakatua, nikahamisha kibanio, wakaondoka. Ulimi wangu ulitaka kusema moja, nikauma meno. Ulitaka kusema mbili. Sikujua kabla ya siku ile kwamba kuhesabu bila sauti ni upweke namna hiyo.

Upande wa pili nilisikia nati ikidondoka kwenye sanduku. Kisha kimya. Kisha nyingine. Nikajilazimisha nisisikilize. Nikaona jinsi ilivyo vigumu, na nikamsamehe hapo hapo, kabla muda haujafika hata katikati.

"Basi," Mama akasema.

Tulihesabu mbele yake. Vibanio vyangu na nati zake havikulingana. Vilipishana kwa nyuki wawili.

"Hao wawili wamekwenda wapi?" Mama aliuliza.

Fundi alisema labda walitua upande wa nyuma wa tawi, ambako yeye hakuona. Mimi nilisema labda nilimhesabu mmoja mara mbili, alirukaruka. Tulianza kubishana, kila mmoja akijilaumu mwenyewe, na Mama akatuacha tubishane mpaka tulipojisikia wajinga tukacheka. Ilikuwa tofauti nzuri, tofauti ya macho yaliyotazama kweli. Niliishika moyoni kuliko usawa wote wa kwanza.

Tukakimbia kurudi chuoni. Mama alikuja nyuma yetu kwa mwendo wake, akisema hawezi kuachwa benchi wakati anadai jibu. Mlangoni mlinzi alimsimamisha, Mama akamwambia yeye ni mwanafunzi mpya, akapishwa.

Sentensi mpya ilikuwa ndefu kuliko ile ya zamani. Tuliandika kwamba ulinganisho wa waangalizi ulifanyika mara moja tu, mwisho wa utafiti, na hesabu zilipishana kwa nyuki wawili. Na kwamba hesabu za pamoja za awali zilikuwa za mwangalizi mmoja. Kompyuta ikageuka nyekundu. Maneno yamezidi. Tukaanza kupunguza. Palikuwa na mstari wa mwisho nilioupenda, wa kumshukuru Mungu aliyeumba nyuki na maji ya moto. Mwalimu aliwahi kuniambia waandaaji hawana desturi hiyo, nami nikaupuuza ushauri wake. Sasa nilisita.

"Mfute tu," Fundi alisema taratibu. "Yeye hahesabiwi kwenye maneno yao."

Nikaufuta, na kompyuta ikakubali.

Kisha ikauliza jina la atakayesimama na bango. Ni mmoja tu anayeruhusiwa. Nilimtazama Fundi nikiwa nimeanza kusema kwamba yeye ni mwanamume, anajua kusafiri, watamsikiliza. Aliuvuta ubao wa herufi upande wake, akaandika jina langu kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, kwa uangalifu wa mtu anayefunga skrubu mahali ambapo watu watasimama. Lake akaliweka chini, kama msaidizi.

Nikabonyeza palipoandikwa Tuma. Kioo kikazunguka kidogo, kikasema imepokelewa.

Hakukuwa na shangwe. Mwanga wa asali ulikuwa umepanda ukutani na kuanza kuwa waridi. Tulikaa tu. Nilijua vizuri kwamba tumetuma ikisiri dhaifu kuliko ile ya kwanza, na kwamba huenda nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe safari ya kwenda kwa kaka. Nilitaka kuogopa nikashindwa.

Mama alikuwa mlangoni, amejishikilia kwenye fremu, anahema.

"Imekwenda?"

"Imekwenda, Mama. Jibu litachukua muda. Na huenda wakakataa."

"Na ile kasoro mmeiandika?"

"Tumeiandika."

Alikaa kwenye kiti cha karibu, akajipepea kwa mkono. Nilisubiri aseme lolote juu ya virago. Badala yake alimgeukia Fundi.

"Wewe. Pale nje jua lilikuwa upande wa huyu binti. Kivuli chake chote kilikuwa kimeangukia shuka, upande wako. Kikubwa kama picha ya ukutani, mpaka nywele zilionekana. Unaniambia hukukiona?"

"Nilijua kipo, Mama."

"Nimekaa nyuma yako robo saa nzima nikingoja ugeuze shingo. Hukugeuza."

"Nilikuwa nahesabu."

"Niliona. Jasho lilikutoka kama umebeba lifti mgongoni." Mama akainama, akajifanya anaweka sawa kamba ya kiatu chake. "Kumbe unaweza kutulia."

Hakumwita tena mtu wa kupanda na kushuka, si siku ile wala baadaye. Alisema atampigia kaka yangu amwambie duka lisubiri majibu ya nyuki. Kisha, akiwa amekwisha simama, akamwambia Fundi jambo la mwisho, bila ukali, kama anayemwelekeza kijana njia.

"Na hilo la dada, dada. Kama moyoni mwako si dada yako, usimwite dada. Unamchanganya."

Akatoka, akisema atatutangulia kwenye benchi.

Tulirudi kuanua lile shuka; Mama alikuwa benchini, ametugeuzia mgongo. Kichaka kilikuwa kimetulia, maua yamejikunja, uzi mwekundu umekuwa mweusi katika mwanga ule mdogo. Fundi alishika pembe mbili, mimi nikashika mbili. Tulilikunja kama linavyokunjwa siku zote, mtu anarudi nyuma, anasogea mbele, anakutana na mwenzake katikati. Tulipokutana katikati vidole vyetu vilishikana juu ya kitambaa, na hakuna aliyeviondoa.

Vibanio vilikuwa bado mfukoni mwangu. Vilitakiwa kurudishwa kwenye kamba kwa ajili ya zamu ya kesho. Nilivitoa, nikaanza kuvibana kimoja kimoja.

"Hakuna nyuki sasa," Fundi alisema nyuma yangu. "Hakuna cha kuharibu."

Nilielewa anachoomba. Sikugeuka, ila nilijua amekwisha fumba macho.

"Moja," nikasema kwa sauti. "Mbili."